Wakili Aliyewatetea Watoto Wasio Wake

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu wa mbali, wakili wa Marekani, aliyezaliwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Huenda mmoja wenu akauliza, Sisi watu wa Ubungo tuna shauri gani na wakili wa Marekani? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza na tuanze hapa nyumbani.

Si siku nyingi zilizopita tuliitwa mkutanoni katika mtaa wetu, wenye watoto na wasio na watoto, ili tushauriane juu ya shule ya msingi iliyo karibu. Ada haitozwi tena, hilo twalijua sote. Lakini watoto ni wengi, madawati hayatoshi, na vyoo ni vichache hata ni aibu kuvitaja. Mwenyekiti akaomba kila nyumba itoe kidogo kwa hiari. Ndipo aliposimama mzee mmoja, mtu wa heshima, mwenye nyumba za kupangisha, akasema, "Mimi sina mtoto katika shule hiyo. Wa kwangu niliwasomesha kwa jasho langu mwenyewe. Kila mtu na abebe mzigo wake." Watu wakatazama chini. Nasi pia tukanyamaza, ijapokuwa tu waalimu wa dini na watu hutazamia neno kutoka kwetu. Maana watoto wetu wamekwisha kutoka katika shule ile, na moyoni tuliona kwamba mzee amesema kweli. Mkutano ukavunjika bila shauri.

Usiku ule hatukupata raha. Tukakumbuka habari za mtu aliyesikia maneno yale yale, si kwa mzee mmoja, bali kwa maelfu ya watu, wala yeye hakunyamaza. Jina lake Thaddeus Stevens.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, upande wa kaskazini wa Marekani, penye baridi kali na ardhi ya mawe. Baba yake alikuwa mshona viatu na mpima mashamba. Huyo hakudumu nyumbani. Aliwaacha mkewe na wana wanne, akaenda zake. Thaddeus alikuwa wa pili, naye alizaliwa na mguu mmoja uliopinda, akachechemea maisha yake yote. Watoto wenzake walimcheka na kuuigiza mwendo wake. Tukitazama barabarani na mlangoni mwa shule zetu, twajua kwamba mchezo huo mbaya haujakwisha duniani.

Mama yake, Sarah, alikuwa Mkristo wa kanisa la Kibaptisti. Aliona kwamba mtoto huyu hataweza kazi nzito ya shamba kama wenzake, akaazimia kumpa urithi mwingine, yaani elimu. Akawachukua wanawe, akahamia kijiji cha Peacham, kwa kuwa palikuwa na shule nzuri, akafanya kazi kwa bidii mchana na usiku ili wapate kusoma. Wahenga wetu husema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye, wala hakumsahau. Alipokuwa mtu mwenye mali alimnunulia mama yake shamba, na uzeeni alikuwa akisema kwamba katika mapato yake yote hapakuwa na furaha iliyozidi ile ya kumwona mama akiwa na fedha ya dhahabu ya kutia katika sanduku la sadaka.

Kijana akasoma katika chuo cha Dartmouth, akamaliza mwaka 1814. Mwaka uliofuata alikwenda jimbo la Pennsylvania, akafundisha shule katika mji wa York, na saa zake za faragha akajifunza sheria. Mwaka 1816 akapata ruhusa ya uwakili, akafungua ofisi katika mji mdogo wa Gettysburg. Mwanzo alikuwa mgeni asiye na jamaa wala rafiki. Lakini alikuwa na akili kali na ulimi mwepesi, na baada ya miaka michache watu wakamkimbilia kwa kesi zao za mashamba na madeni. Akanunua nyumba na viwanja, akawa mmoja wa wenye mali wa mji ule. Hakuoa, wala hakuwa na watoto nyumbani mwake. Neno hili mlitunze, wasomaji, maana tutalirudia.

Haitupasi kuwasimulia mema yake tu, kana kwamba alizaliwa mtakatifu. Gettysburg ni karibu na mpaka wa jimbo la Maryland, na siku zile utumwa ulikuwa halali upande wa Maryland, bali upande wa Pennsylvania sheria ilikuwa inauondoa kidogo kidogo. Mtumwa aliyeletwa Pennsylvania na kukaa humo miezi sita alipata haki ya kuwa huru. Alikuwako mwanamke mmoja, jina lake Charity Butler, mtumwa kutoka Maryland, aliyeletwa Pennsylvania mara kadhaa. Akadai mbele ya mahakama kwamba siku zake zikijumlishwa zapita miezi sita, basi yeye na watoto wake wawe huru. Bwana wa mtumwa akatafuta wakili, na wakili aliyempata ni Stevens. Naye Stevens akashinda. Alisema kwamba siku zisizofuatana hazihesabiwi pamoja, na mwaka 1821 mahakama kuu ya jimbo ikakubali neno lake. Mama yule na watoto wake wakarudishwa utumwani.

Hapa twaona hatari ya elimu isiyo na moyo. Mtoto wa mama maskini, aliyechekwa kwa ajili ya mguu wake, aliitumia elimu yake kumfunga mama maskini mwingine. Sheria ilikuwa upande wake, hesabu ilikuwa sawa, na ujira alilipwa. Lakini twajua kwamba tangu hapo njia yake iligeuka. Hakuonekana tena kuwatetea mabwana wa watumwa. Bali aliwatetea watumwa waliotoroka, mara nyingi bila malipo, akawa adui mkubwa wa utumwa mpaka kufa kwake. Husemwa kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa Charity Butler maneno hayo si faraja. Lakini wengine wengi walipata mtetezi.

Sasa tufike kwenye habari yenyewe. Mwaka 1833 watu wa wilaya yake walimchagua wakili huyu kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo la Pennsylvania, katika mji wa Harrisburg. Yafaa tueleze kwamba katika Marekani kila jimbo lina baraza lake la sheria, mbali na lile kubwa la nchi nzima, na mambo ya shule huamuliwa hasa na majimbo.

Katika Pennsylvania siku zile palikuwa na sheria ya mwaka 1809 juu ya watoto wa maskini. Mzazi asiyeweza kulipa ada aliruhusiwa kumpeleka mtoto shuleni kwa gharama ya serikali, lakini sharti kwanza ajitangaze kuwa fukara, na jina lake liandikwe katika orodha ya mafukara. Wasomaji, fikirini neno hilo. Ni baba gani atakaye jina lake lisomwe hivyo mbele ya jirani zake? Ni mtoto gani atakayekaa darasani kwa amani, wenzake wakijua kwamba yeye ni wa orodha ile? Basi wazazi wengi walichagua kuwaacha watoto wao wabaki wajinga kuliko kuwatia aibu. Sheria ilitoa kwa mkono mmoja na kupiga kofi kwa mkono wa pili.

Mwaka 1834 baraza likatunga sheria mpya, naye gavana George Wolf akaitia sahihi tarehe 1 Aprili. Sheria hiyo iliweka shule za watu wote, zisizo na ada wala orodha ya mafukara, na gharama yake ilitoka katika kodi ya wote wenye mali. Ilipita karibu bila mtu wa kuipinga. Lakini kodi ilipoanza kutajwa, kelele zikainuka. Wakulima wenye mashamba makubwa walisema, Kwa nini tulipie watoto wa wavivu? Wasio na watoto walisema, Sisi yatuhusu nini? Hata baadhi ya makanisa yalinung'unika, hasa ya watu wenye asili ya Kijerumani, kwa kuwa walikuwa na shule zao wenyewe na waliogopa kupoteza lugha yao na mafundisho yao. Maombi ya kufuta sheria yakaletwa barazani, na hesabu ya waliotia sahihi ilikuwa kama watu 32,000. Waliotia sahihi ili sheria idumu hawakufika 3,000.

Mwanzo wa mwaka 1835 baraza la juu likapiga kura kuifuta. Ikabaki zamu ya baraza la wawakilishi, alimokuwamo Stevens. Watu wa wilaya yake mwenyewe wengi walitaka ifutwe. Tena gavana Wolf aliyeitia sahihi hakuwa wa chama chake. Walikuwa wapinzani wakali. Mwanasiasa mwenye hekima ya dunia hii angekaa kimya, kama tulivyokaa sisi katika mkutano wetu.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens akasimama kwa mguu wake mbovu, akanena. Akaonyesha kwanza kwamba sheria ile ya zamani haikuwa ya kuwasaidia maskini, bali ya kuwapiga chapa. Kisha akawajibu wale waliosema kwamba hawana watoto shuleni. Hoja yake ilikuwa hii: mtu huyu mwema hulipa kodi ya mahakama, ingawa hajashtakiwa, hulipa kodi ya gereza, ingawa hatarajii kulala humo. Hulipa bila kunung'unika ili mwovu afungwe, na hunung'unika akiombwa alipe ili mtoto asiwe mwovu. Akawaambia pia kwamba nchi inayotawaliwa kwa kura za watu haiwezi kusimama juu ya watu wajinga, na kwamba mwenye shamba kubwa hupata faida kuliko wote akikaa kati ya jirani walioelimika na wenye kushika sheria. Wala hakuona haya kumsifu gavana Wolf kwa kazi ile, akawasihi wajumbe waweke kando ugomvi wa vyama.

Hebu tukumbuke ni nani aliyesema hayo. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na nyumba na viwanja, hata kila senti ya kodi ile ilimwangukia yeye pia. Hakuna aliyeweza kumwambia, Wewe wajitafutia faida. Alitetea watoto wasio wake kwa fedha iliyo yake.

Alipokwisha kunena, baraza likapiga kura, na sheria haikufutwa. Baraza la juu nalo likageuka na kukubali. Wajumbe waliokuja Harrisburg kuua shule walirudi makwao wakiwa wameziacha hai, na tangu siku ile shule za watu wote hazikuondoka Pennsylvania. Stevens alifanya mambo mengi makubwa baadaye, lakini mwenyewe aliihesabu kazi ya siku hiyo kuwa miongoni mwa zilizo bora maishani mwake.

Mambo hayo makubwa tutayataja kwa ufupi. Mwaka 1837 jimbo liliita mkutano wa kuandika katiba mpya. Katiba ile ilipoandikwa kwamba mpiga kura awe mtu mweupe tu, Stevens alikataa kuitia sahihi. Mwaka 1842 alihamia mji wa Lancaster, na mwaka 1849 akaingia katika baraza kubwa la nchi nzima huko Washington. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea, tangu 1861 hata 1865, alikuwa msimamizi wa mambo ya fedha barazani. Mwaka 1863 majeshi ya kusini yaliteketeza kiwanda chake cha chuma, naye akashughulika na wafanyakazi waliobaki bila riziki. Alikuwa miongoni mwa walioongoza kupitisha Badiliko la 13 la Katiba, lililokomesha utumwa mwaka 1865, na Badiliko la 14, lililothibitishwa mwaka 1868, ambalo laagiza kila mtu apewe ulinzi wa sheria ulio sawa. Kwa maneno hayo ya Badiliko la 14 mahakama kuu ya Marekani iliamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni haramu. Mwaka huo huo ndipo TANU ilipozaliwa hapa kwetu. Nasi tulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika mbalimbali, mpaka zilipounganishwa baada ya uhuru.

Makosa hakukosa. Ulimi wake ulikuwa mkali, ukawajeruhi wengi bila haja. Alipenda mchezo wa karata wa fedha. Hakuwa mtu wa kuonekana kanisani kila Jumapili. Twayasema haya kwa sababu wako watu wa kanisani, sisi tukiwa wa kwanza, walioketi kimya mahali ambapo mtu huyu angalisimama.

Alikufa Washington tarehe 11 Agosti 1868. Mwaka ule ule mapadre walianzisha misheni ya Bagamoyo, ambapo si mbali na hapa Ubungo, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma na kazi za mikono. Watu hao wa pande mbili za dunia hawakujuana, lakini waliona jambo moja: kumfungua mtu mnyororo hakutoshi, sharti afunguliwe na macho.

Hata katika kifo Stevens hakuacha ubishi wake. Aligundua kwamba makaburi makubwa ya Lancaster hayakubali kuzika watu weusi. Basi akachagua kuzikwa katika uwanja mdogo uliopokea watu wote, akaagiza iandikwe juu ya jiwe kwamba hakuchagua mahali pale kwa kupenda upweke, bali ili hata kaburini ashuhudie kwamba watu ni sawa mbele ya Muumba wao. Katika wosia wake aliweka fedha ili kaburi la mama yake kule Peacham litunzwe na kupandwa maua kila mwaka. Tena aliagiza mali itakayosalia ijenge nyumba ya yatima, wasibaguliwe kwa rangi wala kwa dini ya wazazi wao, wasome darasa moja na kula meza moja. Kutokana na wosia huo ilianzishwa shule ya ufundi mwaka 1905 katika Lancaster, nayo ni chuo mpaka leo, chenye jina lake.

Sasa turudi kwetu, tujibu lile swali la kwanza. Nchi yetu nayo imepita njia hiyo ya ada, kwenda na kurudi. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973. Ikarudi miaka ya themanini, hali ya uchumi ilipokuwa ngumu. Ikaondolewa tena mwaka 2001. Tangu Januari 2016 watoto husoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita. Ni neema kubwa. Lakini neno "bila ada" halina maana kwamba hakuna alipaye. Yuko alipaye: muuza ndizi hulipa anaponunua sabuni, na dereva wa daladala hulipa anapotia mafuta. Wote hawa wamlipia mtoto wasiyemjua jina. Na pale mfuko wa serikali usipofika, kama penye madawati na vyoo, ndipo jirani huulizwa kama yeye ni jirani kweli.

Tena kuna neno lililotuchoma zaidi. Sisi wenyewe tulisoma katika shule ya misheni. Baba yetu hakuwa na uwezo wa kulipa ada. Walilipa watu wengine kwa sadaka zao, wengine wao wazee wasio na watoto, ambao hatukuwaona kamwe wala kuwashukuru. Kama wangalisema, Sisi hatuna mtoto katika shule hiyo, leo tusingaliweza kuandika karatasi hii, wala baadhi yenu msingaliweza kuisoma.

Basi, baada ya siku chache, tulikwenda kwa yule mzee. Hatukwenda kumhukumu, maana kimya chetu na maneno yake yalikuwa ndugu. Tulimsimulia habari hizi kama tulivyowasimulia ninyi, tukanywa kahawa yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wakili yule alikuwa mtu mgumu. Hakuahidi kitu. Nasi tukampelekea mwenyekiti fungu letu, kwa kuchelewa, tukamwomba aitishe mkutano mara ya pili, na safari hii tutasimama kunena.

Ninyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kutomcheka mwenye mguu mbovu, maana hamjui kichwa chake kitabeba nini. Ninyi waalimu, mtoto asiye na sare wala kalamu msiitangaze aibu yake mbele ya wenzake. Msimwandike katika orodha ya mafukara hata kwa jicho tu. Na sisi sote ambao watoto wetu wamekwisha kukua, au ambao Mungu hakutujalia watoto, tukiitwa mkutanoni kwa ajili ya shule, na twende, tena tusitazame chini.